Swali la Kumi na Saba

Kalamu yangu haina upande.
Hivyo ndivyo tulivyofunzwa siku mbili
katika chumba cha chini cha chuo kikuu, Szeged:
usigune, usitikise kichwa,
mtu akikuuliza, "Na wewe waonaje?"
mwambie hakuna jibu sahihi wala jibu kosa.
Kisha tukapewa koti la mvua, kadi za vipimo
na orodha ya milango.

Mlango wa mia nne na kumi na mbili ulikuwa wa kijani.
Rezső Bakonyi, mstaafu wa reli,
miaka thelathini akishusha kizuizi ili treni ipite.
Jikoni kwake pilipili nyekundu zimetungwa uzi
kama shanga za mtu aliyeondoka.

Kutoka sifuri hadi kumi, una haja kiasi gani
ya kuishi katika nchi ya kidemokrasia?
"Kumi," alidakia. "Baba yangu alifungwa kwa ajili yake."
Na kiongozi mwenye mkono wa chuma,
asiyebabaishwa na bunge wala mahakama?
Akakata mkate, kipande kinene.
"Huyo naye kumi."
Nikaandika. Kumi chini ya kumi,
mafahali wawili zizi moja,
na karatasi haikuchanika.

Vigogo ni wezi: unakubali sana, kiasi, hukubali?
"Mwanangu, wale wanaiba hata kivuli cha mti."
Hakuna kisanduku cha kivuli.
Nikatia alama penye *sana*.

Swali la kumi na saba.
Ungejisikiaje mtoto wako akifunga ndoa
na mfuasi wa chama kile kingine?

Hapo mkate ulikaa mkononi.
Akatazama dirishani, ng'ambo ya ua:
paa lile lile, bomba la moshi lile lile.
"Kule yuko Dezső. Pacha wangu. Nilimtangulia robo saa.
Mkesha wa Krismasi, mwaka ule wa uchaguzi,
alisema neno, nami nikasema langu.
Samaki alikuwa bado hajapakuliwa.
Sasa kila mtu anazoa theluji yake."
Nikasubiri tarakimu.
"Andika sijui."

Bahati nasibu ina utani wake:
mlango uliofuata ulikuwa wa Dezső.
Kumi. Kisu. Mkate. Kumi.
Vigogo, kivuli, mti.
Kura tu ndiyo iliyokwenda kwingine.
Na swali la kumi na saba lilipofika
naye alitazama dirishani, ua ule ule
kutoka upande wa pili.
"Umetoka kwake. Anakula vizuri?"

Majibu ya mtu ni siri. Nilitia saini.
Nilitazama kadi zangu
mpaka akaacha kusubiri.

Wiki tatu baadaye simu ikalia,
Dakta Ildikó Vereczkey, sauti ya upole:
mashine imetilia shaka kazi yako.
Mstari wa 412 na wa 413 vinafanana mno;
makarani hukaa mkahawani, unajua, wakajijazia wenyewe.
Nikasema: ni pacha, Dakta.
Wanakata mkate namna moja.
Nikasikia vidole vyake juu ya vitufe, kisha kimya.
"Nakuamini," akasema. "Lakini utaratibu ni utaratibu."

Ripoti ilitoka majira ya kuchipua, jalada la buluu.
Taifa limepasuka, inasema,
kambi mbili zisizogusana;
na mchoro wake ni nundu mbili za ngamia,
katikati bonde tupu.
Nimelichungulia bonde lile kwa miwani na bila miwani.
Kizuizi cha reli sikukiona, wala ua,
wala mzee anayeulizia chakula cha mwenzake.

Ila chini kabisa ya ukurasa wa tisini na moja,
kwa herufi ndogo kama chawa:
*wahojiwa wawili waliondolewa.*

Wawili.
Tangu samaki yule apoe mezani
hawakuwahi kutajwa pamoja.